Usiku Ule Betri Ilipoisha



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulipangiwa uchungaji katika parokia moja ya kijijini. Jumamosi moja umeme ulikatika, na jioni hiyo Simba na Yanga walikuwa wanacheza. Tukaingia kwenye Land Cruiser ya parokia, tukafungua redio, tukachomeka simu zichaji, tukawasha na taa za mbele ili watoto wa jirani waliokuja kusikiliza wasikae gizani. Mpira ulipokwisha tukazima kila kitu, tukaenda kulala na ubishi wetu. Betri ilikuwa ya zamani, nasi tulilijua hilo.

Saa tisa usiku Baba Paroko alitugongea. Katekista wa kigango kilicho umbali wa kilomita 18 alikuwa amepiga simu: mzee mmoja yu mahututi, anaomba Padre, anataka kuungama.

Padre akazungusha ufunguo. Gari likajibu "ta-ta-ta", taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya.

"Mafrateri, nani alitumia gari?"

Hatukujibu. Tulikimbilia nyuma kusukuma, kana kwamba jasho lingefunika swali. Gari ni zito na uwanja wa parokia ni tambarare, halikushika.

Ikabidi tumwamshe jirani, mzee Mwislamu mwenye Noah. "Shikamoo mzee, tunaomba utusaidie moto, kuna mgonjwa." Hakuuliza mgonjwa ni wa dini gani. Alisogeza gari lake, akamulika betri yetu kwa tochi, akatikisa kichwa: vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe. Tukavikwangua kwa kisu. Kisha akatuelekeza waya taratibu: mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, halafu chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini yetu, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi ambayo cheche yaweza kuilipua. Akaacha Noah ikiunguruma kama dakika 10. Saa kumi gari likawaka.

Tulipofika, kijana wa mzee alitupokea mlangoni. "Karibuni, Padre. Usiku kucha alikuwa anakuulizia. Amenyamaza sasa hivi tu."

Mzee alikuwa anapumua, lakini hasemi wala hasikii. Padre akampaka Mafuta Matakatifu, tukasali pamoja na familia. Kabla ya jua kuchomoza alifariki.

Kanisa linafundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa humwondolea mgonjwa dhambi pale aliposhindwa kupata Kitubio. Hilo lilitutuliza kwa ajili ya mzee. Kwa ajili yetu halikututuliza. Alikuwa na maneno aliyotaka kuyasema kwa kinywa chake, na saa aliyoyangojea tuliitumia kukwangua betri.

Mwaka huu tumesoma maadili ya Aristotle: mtu hujenga tabia kwa matendo anayoyarudia, mema au mabaya. Mtihani huo tuliufaulu vizuri. Lakini njiani kurudi tulinyamaza tena kilomita nyingi, na kila moja ilifanya inayofuata kuwa rahisi zaidi. Tulipoanza kuona mnara wa kanisa ndipo mmoja wetu akasema, "Padre, ni sisi." Wengine tukaitikia.

Padre alisimamisha gari pembeni, bila kuzima injini. "Nilijua tangu usiku," alisema. "Nilikuwa nawasubiri." Kisha akatutuma turudi msibani tukamweleze yule kijana wenyewe.

Tulikwenda kwa miguu. Alitusikiliza hadi mwisho, akakaa kimya kidogo, akatupa majembe. Tulichimba kaburi pamoja na vijana wa jumuiya hadi mchana.

Ndugu wasomaji, gari la parokia ni la mgonjwa ambaye bado hajapiga simu. Mkiliona limewashwa taa usiku na ndani kuna mafrateri wanasikiliza mpira, tafadhali gongeni kioo.