Mkate wa Jikoni na Michezo ya Jioni

Katika mji wa Nairobi ni vigumu kutaja chakula kilichoenea upesi kama mkate wa ngano. Wazee waliokuja mjini zamani kutafuta kazi za reli na za majumbani walizoea kufungua kinywa kwa uji, au kwa kiporo cha viazi na mahindi ya jana, na mkate ulikuwa chakula cha mezani kwa bwana. Leo, katika Kibera na Kawangware, mtoto akiamka huulizia mkate kabla ya maji ya kunawa uso, na chai isiyo na mkate huhesabiwa kuwa chai tupu, hata kama ina maziwa na sukari ya kutosha.

Ngano yenyewe si mgeni katika nchi hii. Hulimwa Narok, Uasin Gishu na Nakuru, lakini mavuno hayatoshi, na sehemu kubwa ya ngano inayosagwa huletwa kwa meli hadi Mombasa. Ndiyo maana vita vilipozuka baina ya Urusi na Ukraine mwezi wa Februari 2022, bei ya unga ilipanda hata katika vichochoro ambamo watu hawajapata kuziona nchi hizo katika ramani. Kufikia mwaka 2024 mkate wa gramu 400 ulikuwa ukiuzwa dukani kwa shilingi 65 hivi. Mwaka huo huo Serikali ilileta mswada wa fedha uliotaka mkate wa kawaida utozwe kodi ya asilimia 16, yaani shilingi kumi na kitu juu ya kila mkate. Watu wakanung'unika, na tarehe 18 Juni pendekezo la mkate likaondolewa. Mswada wenyewe haukupona, kwani baada ya maandamano makubwa ya tarehe 25 Juni, ambayo watu walipoteza maisha yao ndani yake, Rais alikataa kuutia sahihi. Mambo hayo yaliandikwa sana, wala si lazima kuyarudia. Lililoandikwa kidogo ni jinsi hesabu ile ya shilingi kumi ilivyowafanya akina mama wengi wakae chini na kuuliza mkate hugharimu nini hasa.

Mmoja wao ni mke wa karani wa ghala, mkazi wa Kawangware, ambaye mchana huenda Lavington kufua nguo katika nyumba za watu. Nyumbani mwake wako watu sita. Mikate miwili kwa siku ni shilingi 130, na kwa siku thelathini ni shilingi 3,900, fedha isiyo mbali sana na kodi ya chumba cha mabati. Alipomsomea mumewe hesabu hiyo, yule bwana aliitazama karatasi, akaigeuza nyuma, kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Ufundi aliupata Kibera kwa bibi mmoja wa Kinubi. Wanubi ndio wenyeji wa kale wa Kibera. Baba zao walikuwa askari wa King's African Rifles, wakapewa mahali pa kukaa mwanzoni mwa karne iliyopita, pakiwa bado msitu. Na neno Kibra katika lugha yao maana yake ni msitu. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo jamii yao ilipopewa hati ya ekari 288, baada ya miaka mingi ya kuidai. Watu hao hawakuingojea shule ya upishi iwafundishe habari za unga wa ngano. Wana gurusa yao, wana maandazi yao, na katika arusi zao chakula huandamana na ngoma ya doluka, wala hapana anayeuliza kipi kilitangulia.

Bibi yule hana joko la umeme, na hajapata kulihitaji. Huchukua unga nusu kilo, vijiko viwili vidogo vya hamira, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kikubwa cha sukari na viwili vya mafuta, akatia maji ya uvuguvugu kiasi cha kikombe kimoja na robo. Hukanda kwa muda wa robo saa, wala si kwa kubembeleza, bali kwa kusukuma kwa kiganja na kukunja, mpaka donge liache kunata na liwe laini kama ndewe ya sikio. Kisha hulifunika na kuliacha liumuke. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu unga huumuka upesi, kwa kuwa hewa haiukandamizi sana. Lakini mwezi wa Julai baridi hushinda hewa, na donge ambalo Februari lingekuwa tayari kwa saa moja huhitaji mbili.

Kuhusu moto, huweka sufuria kubwa juu ya jiko na kutandaza ndani yake mchanga mkavu, kina cha vidole viwili, akafunika. Mchanga ukipata moto hunyunyizia unga kidogo juu yake. Unga ukigeuka hudhurungi polepole, moto umefaa. Ukiungua mara moja, umezidi. Hapo huingiza chombo chenye donge lililoumuka mara ya pili, akafunika tena na kuweka makaa machache juu ya kifuniko. Watu wa pwani wanaupika mkate wa kumimina kwa njia iyo hiyo, ingawa wao hutumia mchele na tui la nazi: moto juu, moto chini. Baada ya nusu saa hivi mkate hugongwa kitako kwa kidole. Ukilia kama kingoma kidogo, umeiva.

Hesabu ya faida haikuwa rahisi kama alivyodhani. Pakiti ya kilo 2 iliyonunuliwa kwa shilingi 200 hutoa mikate saba ya kadiri ile ya dukani, hivyo unga wa mkate mmoja haufiki shilingi 30. Hamira na mafuta huongeza kidogo. Adui ni makaa. Tangu Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwezi wa Februari 2018, makaa hayajawa tena kitu cha kununua bila kufikiri. Anayewasha jiko kwa ajili ya mkate mmoja amelitajirisha banda la makaa, wala hakuiokoa nyumba yake. Kwa hiyo mama yule hupika mikate mitatu kwa moto mmoja, mmoja baada ya mwingine, wakati mchanga bado una moto, na kazi hiyo huchukua jioni nzima.

Hapo ndipo ilipozuka shida ambayo haikuwamo katika karatasi ya hesabu. Jioni ni wakati wa michezo ya televisheni.

Wasomaji vijana huenda hawajui kwamba kucheka pamoja jioni ni desturi yenye umri mkubwa hapa Nairobi. Utangazaji wa redio ulianza Kenya mwaka 1928, na ulipofungua mlango kwa vipindi vya Kiswahili, wachekeshaji kama Kipanga Athumani walijulikana nchi nzima. Televisheni ilifika mwaka 1962. Baadaye wakaja Vitimbi, na Mzee Ojwang', ambaye jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau na aliyefariki Julai 2015. Kisha, kuanzia mwaka 2007, akaja Papa Shirandula, aliyechezwa na marehemu Charles Bukeko. Papa Shirandula alikuwa bawabu aliyemficha mkewe kazi yake, akijifanya mtu wa ofisini. Wako wanaosema kwamba michezo kama hiyo ni upuuzi. Lakini katika Kawangware, ambamo mabawabu wengi huvua sare kazini ili wasionekane nazo njiani, mchezo ule ulichekwa kwa namna ambayo mtu hucheka anapotajwa jina. Bukeko alipofariki Julai 2020, wako walioomboleza kama waliofiwa na jirani.

Basi nyumba ya karani ina chumba kimoja, televisheni moja, na mlango mmoja. Usiku wa baridi mlango hufungwa. Jambo lililoonekana la akili kwa wote lilikuwa kuingiza jiko ndani: mkate uive, chumba kipate joto, na mama asikose mchezo. Usiku wa kwanza walifanya hivyo. Mtoto mdogo akalalamika kichwa kinamwuma, akaambiwa ni kwa sababu ya kuikaribia televisheni. Ndipo mama alipohisi kizunguzungu aliposimama, akausukuma mlango wazi na kulitoa jiko nje kwa vitambaa viwili, mchanga na mkate na vyote.

Yafaa jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa kila mwaka wakati wa baridi huwaua watu. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala haamki. Kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama, maana makaa yaliyokolea vizuri, yale mekundu yasiyotoa moshi, nayo huitoa. Jiko la makaa halina nafasi ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa mkate mmoja.

Tangu usiku ule jiko likakaa nje, na mama akakaa nalo. Ndani watu watano walicheka, na nje mtu mmoja aligeuza makaa. Bwana aliposikia mkewe amenyamaza siku tatu, alimwambia:

"Mama watoto, kwa nini tusirudie mkate wa duka? Shilingi mia haziwezi kuwa bei ya kununa."

"Sinuni kwa sababu ya mkate, baba watoto. Mkate naupenda. Nanuna kwa kuwa mnacheka, na nikiuliza mmecheka nini, mnaniambia ningekuwapo."

Maneno hayo ni mazito kuliko yanavyoonekana. Mara nyingi husemwa kwamba burudani ni kitu cha bure, cha kupitisha wakati. Lakini aliyewahi kukaa nje ya mlango akisikia kicheko asichojua sababu yake anafahamu kwamba kicheko hugawanywa kama chakula, na kwamba mtu anaweza kunyimwa fungu lake.

Msaada ulitoka kwa mtu ambaye hakutarajiwa. Mwana wao wa pili, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amegombezwa mara nyingi kwa kwenda katika kibanda cha video, ambako kwa shilingi chache watu hutazama filamu za Marekani, Bara Hindi na Hong Kong. Filamu hizo hazitazamwi kwa lugha zao. Hutiwa sauti ya msimulizi, na anayesifiwa zaidi Kenya ni DJ Afro, ambaye hueleza kila kofi na kila risasi kwa Kiswahili cha mitaani, akiwapa wapiganaji wa mbali majina na tabia za watu wa hapa. Dar es Salaam alikuwako Lufufu kwa kazi iyo hiyo, na Uganda wako wasimulizi wao. Walimu hulalamika juu ya lugha hiyo, na baadhi ya malalamiko yao ni ya haki. Maneno mengine hayafai masikio ya mtoto. Lakini kazi yenyewe si ya kudharauliwa. Unga wa filamu hutoka ng'ambo, kama unga wa ngano, na msimulizi huukanda kwa mikono yake mpaka watu wa Kawangware wauone kuwa chakula chao.

Kijana yule alikuwa amejifunza ufundi huo bila ya kufundishwa. Jioni moja alisimama mlangoni, jicho moja ndani na jicho moja kwa mama yake, akaanza kumsimulia mchezo wa televisheni kwa sauti ya kibanda cha video. Tajiri wa mchezoni alimpa jina la mwenye nyumba wao. Polisi mnene akawa muuza makaa. Mama akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo, na waliokuwa ndani wakaanza kumtazama kijana badala ya televisheni.

Bwana naye, kwa kuona haya au kwa wivu, akasema atakaa na jiko siku moja kwa juma. Alichagua Alhamisi. Alhamisi ya kwanza alishughulika sana kuuliza, "Sasa amefanyaje? Sasa amesemaje?" hata akasahau makaa ya juu ya kifuniko, na mkate ukatoka na kichwa cheusi kama kofia ya askari. Mkewe aliukwangua kwa kisu pasipo kusema neno, akaukata vipande sita. Alhamisi iliyofuata bwana alikuja na koleo jipya la kuondolea makaa, akaomba jiko lisogezwe hatua mbili karibu na dirisha, lakini si zaidi ya hapo.