Ripoti Niliyoifuta
Saa nane usiku niliandika make -j bila nambari. Amri hiyo haina breki: huanzisha kila kazi iliyo tayari, zote kwa pamoja. Laptopu yangu ya GB 8 ikaganda, kisha gcc ikafa ikiniomba niripoti hitilafu. Nikaanza kuandika kwa hasira. Kumbe, kucheki dmesg, Linux yenyewe ndiyo iliyoiua kompaila. Memori ilikuwa imeisha. Nikaifuta ripoti, aibu tupu.

Nikajaribu -j2. Memori tele, lakini ikafeli: faili moja lilitakiwa kabla halijatengenezwa. Kwa -j1 ikapita sawa. Makefile ilisahau kusema nani amtangulie nani. Hiyo niliripoti.

Ukijaza matatu kupita kiasi, usilaumu barabara. Lakini shimo ni shimo, hata ukiliingia ukikimbia.