Kutembea Ngezi pamoja na mavyaa

Mtajie mtu wa kwetu bara kisiwa cha Pemba, na neno la kwanza litakalomtoka kinywani ni uganga. Mimi ni mzaliwa wa Kakamega niliyeolewa Pwani yapata miaka ishirini iliyopita. Nilipowaarifu jamaa zangu kwamba ninafunga safari kwenda Pemba, dada yangu alinipigia simu usiku kuniuliza ni nani aliyenikosea. Nikamwambia ninakwenda kutembea msituni tu. Hapo ndipo alipoingiwa na wasiwasi kabisa.

Msitu wenyewe unaitwa Ngezi. Uko kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ukishaupita mji mdogo wa Konde, na ndio kipande kikubwa kilichosalia cha msitu wa kale ambao zamani ulikifunika kisiwa. Waarabu wa kale walikiita Pemba Kisiwa cha Kijani, na hata leo jina hilo bado linakifaa, ila kijani unachokiona njia nzima kutoka Wete ni cha mikarafuu, minazi na migomba. Mikarafuu iliingia karne ya 19. Kisha mwaka wa 1872 tufani kubwa ikaiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la zao hilo. Kilima baada ya kilima kikafyekwa. Ngezi ikaponea, na leo ni hifadhi ya kiasi cha hekta 1,440.

Lakini safari hii haikuwa yangu. Ilikuwa ya mavyaa wangu, nami nilikuwa mshika mkoba.

Mama, kama ninavyomwita, alizaliwa upande huo wa Konde. Alivushwa bahari akiwa na umri wa miaka saba, mwaka wa 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, ndani ya jahazi la mjomba wake, akashushwa pwani ya Kenya pamoja na mikeka miwili na kuku. Hapo akakua, akaolewa na Mdigo, akazaa watoto sita. Msomaji anayeishi Kwale au Kilifi anawajua Wapemba wetu: ndio hao wavuvi hodari ambao samaki wao tumekula miaka yote bila kuwauliza wanaishije. Waliishi bila kitambulisho. Kila Mama alipokwenda kukiomba alitakiwa cheti cha kuzaliwa ambacho hakuna aliyewahi kumwandikia. Hata simu yake ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mume wangu, kwa hiyo mama mtu mzima hakuweza kupokea shilingi mia mbili za samaki pasipo mwanawe kujua.

Mwaka wa 2023 Wapemba walitambuliwa rasmi kuwa moja ya jamii za Kenya, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Mama alipokipata chake alikitia ndani ya karatasi ya nailoni, akakifunga kwa uzi, akakiweka kifuani. Sote tulidhani jambo la kwanza litakuwa benki, au hati ya kile kishamba. Yeye akasema anataka hati ya kusafiria, akaione Ngezi.

"Si ulizaliwa hapo, Mama? Unaijua," nilimwambia.

"Sijaingia hata siku moja," akanijibu.

Nikaelezwa. Mamake alikuwa akienda msituni kukata ukindu wa kushonea mikeka na kuokota kuni. Huyu mtoto aliachwa ukingoni, chini ya mti mmoja, akaambiwa asisogeze mguu, kwani ndani mna wenyewe. Alikaa pale akiutazama ule ukuta wa miti hadi mamake atoke. Miaka sitini alikuwa na ukuta huo kichwani.

Basi Agosti 2024 tukavuka Lunga Lunga, tukashika Tanga, tukapanda chombo. Hofu yangu ilikuwa magoti yake. Mama hupanda ngazi moja kisha akapumzika, nami nilikwisha kuona picha za misitu ya visiwani zenye miamba na mizizi ya kuruka kama mbuzi. Nawaambia wazi wenye wazazi wakongwe: msihofu. Njia fupi ya Ngezi ni tambarare, mwendo wa saa moja hivi, na kwa mwendo wa Mama ilikuwa saa mbili na nusu bila mtu kutuharakisha. Vaeni viatu vilivyofunika vidole na mikono mirefu kwa ajili ya mbu.

Langoni tulipokewa na kijana wa kuongoza wageni, mpole, aliyemwamkia Mama kwa heshima zote. Mama alipoitikia tu, kijana akatabasamu. "Bibi, wewe wa hapa hapa!" Lafudhi haikupotea katika miaka sitini.

Kisha likaja daftari la wageni. Jina, tarehe, uraia, sahihi. Ada ya mwenyeji ni ndogo na ya mgeni ni kubwa, na kijana alikuwa ameshaishika kalamu tayari kutufanyia wema. Mimi, msimamizi wa mfuko, nilikuwa tayari kuupokea. Nikamwuliza Mama kwa sauti ya chini, niandike nini hapa kwenye uraia?

Mama akaingiza mkono kifuani, akafungua uzi, akafungua nailoni, akaweka kitambulisho juu ya daftari.

"Andika Mkenya. Nimekingoja mno hiki nisije nikakificha leo kwa ajili ya kupunguziwa."

Tukalipa ya mgeni. Kijana alimtazama Mama, akanitazama mimi, akaenda kuchukua fimbo ya kumpa ashikilie.

Mimi ni mtoto wa Kakamega, na nilikwenda nikidhani hakuna msitu wa kunishangaza. Msitu wa kwetu una ubaridi na mlio wa mbega weusi na weupe asubuhi. Ngezi ni joto la unyevu, giza lenye rangi ya chai ya mkandaa, na mahali pengine unasikia maji chini ya majani bila kuyaona. Kuna mivule iliyonyooka ambayo kwingine ingalikwisha kuwa milango na makabati. Mahali pa chepechepe pamesimama miwale yenye makuti marefu kupindukia. Na kuna mnazi mwembamba wenye shingo laini, wenyeji huuita mpapindi, ambao kijana alitusimamisha kuutazama. Huo, alisema, haupatikani kwingine popote duniani kama mti wa porini ila Pemba. Ndugu zake karibu wote wako Madagaska na visiwa vya jirani nayo.

Sababu aliitoa vizuri kuliko nilivyofundishwa jiografia. Unguja ilikuwa sehemu ya bara zama za barafu, wakati bahari iliposhuka, kwa kuwa mkondo unaoitenganisha na bara ni wa kina kifupi. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui. Lakini mkondo wa Pemba una kina cha zaidi ya mita 800, na kisiwa hiki kilijitenga mamilioni ya miaka kabla. Kilichokuwamo kikabaki humo, kikakua kwa namna yake. Kuna aina nne za ndege ambazo makao yao ni Pemba tu: bundi mdogo, njiwa wa kijani, chozi, na kidege chenye duara jeupe machoni. Kuna paa mdogo wa kisiwa hiki, na popo, ambaye nitamrudia.

Mama alisikiliza yote akiwa ameegemea fimbo. Alikuwa hajasema neno tangu tulipoingia. Midomo yake ilikuwa ikienda, na nikajua anasoma dua. Kijana naye alijua, kwa maana alituambia bila kuulizwa kwamba watu wa vijiji vya jirani wana sehemu zao za mizimu humu ndani, na kwamba njia ya wageni haipiti huko. Watu wa bara tungecheka. Mimi sikucheka. Wakweze Mama, Wadigo, wana kaya zao, na ukienda Kaya Kinondo kule Kwale unafunikwa kaniki kabla ya kuingia, na msitu umesimama hadi leo huku mahoteli yakiuzunguka. Naamini hofu ya namna hiyo imezuia shoka nyingi kuliko bango lolote la serikali.

Tulipofika mahali penye gogo la kukalia, majani yakatikisika juu. Walikuwa tumbili, kisha kijana akataja mnyama ambaye hatukubahatika kumwona, kima punju, yule mwekundu mwenye nywele za kusimama ambaye Unguja wamemfanyia jina kubwa huko Jozani. Kundi dogo lililetwa hapa kutoka Jozani katika miaka ya 1973 na 1974 ili wapate makao ya pili. Hawakuongezeka sana. Vitabuni, alisema, wanaandikwa kuwa ni walioletwa, si wa asili.

Mama akafumbua kinywa kwa mara ya kwanza. "Walikuja lini, umesema?"

"Sabini na nne, bibi."

"Basi miaka hamsini. Wamezaa humu?"

"Wamezaa."

"Na bado hawajapewa kitambulisho!"

Kijana alicheka hata akashika mti. Mama hakucheka, alikuwa akiuliza. Ikabidi kijana ajitafutie jibu, na alilipata jema: kwamba wataalamu hawawachukii, ila ni lazima kujua nani alikuwapo tangu mwanzo na nani aliongezwa, kwa sababu mnyama mgeni anaweza kula mayai ya ndege asiyejua kujikinga naye. Akatoa mfano wa ngawa mdogo mwenye asili ya Asia, anayesadikiwa kuletwa na wafanyabiashara kwa ajili ya zabadi, ambaye siku hizi anatembea Pemba kama mwenye shamba. Kwa wanyama nakubali. Mama alisema "Haya," kwa sauti ile anayoitumia akisikia hoja nzuri isiyomridhisha.

Nimeahidi kumrudia popo. Huyu si popo wa kwenye dari zetu. Ni mkubwa, mabawa yake yakikunjuliwa hufikia kama mita moja na nusu, ana manyoya ya rangi ya kutu na uso wa mbwa, na chakula chake ni matunda. Ni wa Pemba peke yake. Mwaka wa 1989 waliokwenda kumtafuta waliona wachache mno, wa kuhesabiwa kwa vidole, ikahofiwa kwamba anakwisha. Miti yake ilikuwa imekatwa, naye alikuwa akiwindwa kwa nyama. Katika miaka ya tisini vijiji vikaunda vyama vya kumlinda, watoto wakafundishwa shuleni, na baadaye hesabu ilifikia kama 20,000. Katika kazi za uhifadhi hapa kwetu Afrika Mashariki, sijui ngapi zimefanikiwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo, na wanavijiji wenyewe wakiwa ndio askari.

Kijana alipokuwa akitusimulia haya kwa fahari, Mama akamkatiza. "Sisi tulikuwa tukiwala. Kwa tui la nazi."

Kimya.

"Wana nyama tamu," akaongeza, kana kwamba anamtolea ushahidi.

Nilitamani ardhi initafune. Lakini kijana alisema hata babu yake alikuwa akiwala, na kwamba chama cha kijijini kwao kilianzishwa na watu waliokuwa wawindaji, kwani wao ndio waliojua mahali popo wanapolala. Wakaanza kuzungumza wao wawili, kwa ile lafudhi yao ya haraka inayoniacha nyuma baada ya sentensi ya pili, juu ya mitego na miembe na jina la mtu aliyekwisha kufa. Nilikaa kando nikifukuza mbu.

Tulipokaribia mwisho wa njia Mama aliomba asimame peke yake. Hapo msitu ulikuwa unaachana na uwazi wa barabara, na kutoka tuliposimama ungeweza kuona mwanga nje na mashamba mbele yake. Mara hii alikuwa upande wa ndani akitazama nje. Alisimama muda mrefu kuliko magoti yake yanavyoruhusu. Nilimwuliza kama ndiyo pale alipokuwa akiachwa. Alisema hajui, miti imekuwa mikubwa, au pengine ni yeye aliyekuwa mdogo, na barabara haikuwa hivi.

Aliokota jani moja la mpapindi lililoanguka. Kijana akamwambia kwa upole kwamba hairuhusiwi kutoa kitu hifadhini, hata jani. Akalirudisha chini, akaligeuza lilale kama alivyolikuta.

Jioni ile tulilala Konde. Giza lilipoingia, popo walikuja katika mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba, kwanza watatu, kisha sikuweza kuhesabu. Wanagombana kama akina mama kwenye bomba la maji. Mama alitoa kiti nje, akakaa akiangalia juu, mkono kifuani juu ya ile nailoni. Nilipomwita tuingie, mbu wamezidi, alinitaka nimletee mtandio, na nikikuta chai nimtilie.