Keria ya Carib

Kuna mmoja alitutumia ujumbe akauliza: ile baiskeli mnaifungaje juu ya gari mpaka inafika bila kuanguka? Tulimwambia tutaandika, kwa sababu jibu ni refu kidogo, na mwanzo wake hatuupendi.

Sisi tuko sita. Tulivuka kutoka upande wa Aru, Kongo, kwa miaka tofauti, na sasa tunakaa hapa Kuluva, kusini mwa Arua kama kilomita 11, lakini wazazi na ndugu zetu wengi wako Lobule, wilaya ya Koboko, ile kambi iliyofunguliwa 2013. Kila baada ya wiki mbili tunapanda kwenda huko kujitolea. Gari ni ya mzee mmoja jirani yetu, Toyota Carib ya zamani. Yeye anatoa gari na mikono yake, sisi tunatoa mafuta. Baiskeli tuliachiwa na mzungu mmoja aliyemaliza kazi yake akarudi kwao: maunteni ya gia, tairi nene, shokapu mbele, breki za diski. Kule kwetu tunasema kinga. Kinga kama ile hakuna mtu Lobule alikuwa nayo.

Tunaibeba kwa sababu gari haifiki kila mahali. Kuna kijito kimoja ambacho Carib inafika hapo na kusimama. Kutoka pale mpaka nyumba za mwisho ni kilomita 9 za njia ya miguu, mawe na mchanga. Kwa miguu ni saa mbili na zaidi. Kwa ile baiskeli, mmoja wetu mwenye mapafu mazuri anatumia dakika 40.

Sasa mwanzo wenyewe.

Mwaka jana hatukuwa na keria. Carib ina reli mbili ndefu juu ya paa, basi sisi tulikuwa tunalaza baiskeli juu ya godoro kuukuu, tunaifunga na mipira ile inayokatwa kutoka tyubu za magari. Mipira mingi sana! Tuliamini wingi wake. Siku ile tulikuwa na dawa za kifafa za mtoto wa miaka tisa. Dawa zake zilikuwa zimeisha, mama yake akatuma pesa kwa simu, sisi tukanunua Arua kwa karatasi ya daktari. Tukatoka Arua, lami nzuri, mzee akakanyaga mafuta. Tuta la kwanza, baiskeli ikaruka. Mpira ukavutika kama unavyovutika, na ilipotua haikutua kwenye godoro. Iliteleza ubavuni, ikaning'inia kwenye mlango, gurudumu la mbele likagonga barabara. Boda aliyekuwa nyuma yetu aliingia kwenye majani na abiria wake. Hawakuumia. Alitutukana kwa Kilugbara, na tulistahili yote.

Rimu ilikunjika kama chapati. Kile kichuma kidogo kinachoshika gia ya nyuma kilipinda na kuingia kwenye spoki. Kwa hiyo kutoka kijitoni tulikwenda kwa miguu, tukafika saa kumi na moja jioni. Mtoto alikuwa ameanguka saa nane mchana, peke yake, karibu na mafiga. Mkono wa kushoto uliungua mpaka juu ya kiwiko.

Nesi mmoja tulimwelezea baadaye, akatuambia tusijibebeshe yote: dawa ya kifafa mtu akiwa ameikosa siku kadhaa, kumeza kidonge kimoja mchana hakuzuii lazima kianguko cha mchana uleule. Tunamwamini. Lakini pia tunajua hesabu: kwa baiskeli tungefika saa saba na nusu. Kungekuwa na mtu pale wa kumvuta kwenye moto.

Ndiyo tukaanza kutafuta keria.

Kwanza tulifanya kile ambacho kila mtu anafikiria. Tuliangalia Land Cruiser za mashirika zikipita kwenda Koboko, keria zao pana kama kitanda, juu hakuna hata jerikani. Tukamuuliza kaka mmoja dereva kama anaweza kutubebea baiskeli tu, siyo sisi. Akasema sheria ya gari haimruhusu mzigo wa mtu binafsi, ikitokea ajali yeye ndiye anapoteza kazi. Tulinuna siku mbili. Halafu Jumapili, siku yake ya kupumzika, yule kaka akaja mwenyewe Kuluva na kamba zake, akakaa nasi chini ya mwembe mchana mzima akitufundisha kufunga. Kwa hiyo nyinyi wa mashirika, tukiandika hapa kuhusu keria tupu, mjue pia tunaandika kuhusu huyo.

Yeye ndiye alituuliza swali ambalo hatukuwahi kujiuliza: paa la Carib linabeba kilo ngapi? Sisi tulidhani paa ni chuma, linabeba chochote. Kumbe magari mengi madogo yamewekewa kiasi, mara nyingi kati ya kilo 50 na 75, na ile keria yenyewe inahesabiwa humo ndani. Imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kitabu cha mzee ni cha Kijapani na panya walikula nusu, basi tukachukua 50 tuwe salama. Baiskeli tuliipima kwenye mizani ya mahindi pale senta: kilo 15.

Swali la pili, keria itashika wapi? Gari za zamani na Hiace nyingi zina ule mfereji wa maji pembeni mwa paa, unabana miguu ya keria hapo. Nyingine zina reli kama Carib yetu. Nyingine paa ni tupu kabisa, miguu inabana kwenye ukingo wa mlango, na hiyo inataka miguu iliyotengenezwa kwa gari hiyohiyo. Ukinunua bila kuangalia hili umenunua pambo.

Na karibu tununue pambo. Arua tulikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika keria ya Thule, ile kampuni ya Sweden iliyoanza 1942. Jamani, ilikuwa nzuri. Vyuma vyepesi vya aluminiamu, mkono wa kukamata baiskeli, kila kitu. Mwenye duka alitaka 380,000. Sisi kwa kuchanga tulikuwa na 240,000. Watatu kati yetu walisema tukope. Tukabishana mpaka usiku, na tuseme ukweli, wale watatu walikuwa wanapenda inavyong'aa. Kesho yake tukarudi na mzee. Mzee akaishika, akaigeuza, akauliza, "Wanangu, funguo iko wapi?" Hakukuwa na funguo. Mkono ulikuwa umefungwa na kufuli lake, na miguu ilikuwa ya gari yenye paa tupu. Tukamshukuru mwenye duka tukaondoka.

Lakini safari ile haikupotea bure, kwa sababu tulianza kuelewa namna zilivyo. Kuna zile zinazokamata baiskeli kwenye fremu, kwenye lile bomba la chini. Kwetu haikufaa: bomba lile kwenye baiskeli yetu ni nene na chini yake zinapita waya za gia na breki, ukibana unazibana na zenyewe. Kuna zile ambazo unatoa gurudumu la mbele na kufunga shokapu moja kwa moja kwenye keria. Inakaa imara sana, tunakubali, lakini ekseli lazima ilingane na keria, na gurudumu lililotolewa linakwenda wapi? Ndani ya Carib tuko sita na mzee wa saba na mabegi. Kuna ya kuning'iniza nyuma kwa mikanda, rahisi kuliko zote, ila inaziba namba ya gari, na polisi wa rodibloko hawahitaji sababu ya pili. Tena vumbi lote la murami linaishia kwenye cheni.

Namna ya mwisho inakamata gurudumu la mbele tu. Baiskeli inasimama na magurudumu yake yote mawili ndani ya mfereji wa chuma, halafu nguzo mbili zinabana tairi la mbele. Fremu haiguswi. Hiyo ndiyo tulichagua, na kwa sababu hatukuwa na pesa ya kuinunua, tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea Arua tukamchorea kwenye daftari.

Fundi ni mtu mwema na ana imani kubwa na chuma. Alitutengenezea keria ya chuma cha kona ambayo ingebeba ng'ombe. Tukaipeleka kwenye mizani ya mahindi: kilo 38. Ukiongeza 15 ya baiskeli ni 53, na mzee akakataa isiguse gari yake. Fundi akakasirika kidogo. Tukamnunulia soda. Akaikata, akatumia bomba jembamba la mraba kwa zile fito mbili za kukingama, mfereji akaukunja kutoka bati nene, na ndani yake tukapiga misumari ya ribiti kushikilia mpira wa tairi la zamani. Nguzo mbili za mbele zina umbo la herufi A, tairi linaingia katikati. Fito zimefungwa kwenye reli kwa bolti za umbo la U, nati mbilimbili ili zisilegee. Kilo 17. Jumla na baiskeli 32. Gharama yote, pamoja na soda, 195,000.

Mkanda wa kufunga magurudumu tulitoa kwenye siti za gari iliyokufa, ule mkanda wa usalama. Hauvutiki. Mipira bado tunaitumia, ila kazi yake sasa ni kuzuia kelele tu.

Hapa Kuluva wazee wanapenda kutukumbusha kwamba gari na safari ni historia ya kilima hiki. Daktari Ted Williams wa hospitali yetu, Oktoba 1961, aliondoka Kampala na Denis Burkitt na Cliff Nelson kwa Ford moja ya 1954, wakazunguka maili 10,000 kwa wiki kumi, mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Ule ugonjwa leo unaitwa kwa jina la Burkitt. Williams alikuwa daktari ambaye pia anajua injini. Mzee wa Carib akisimulia hii anaangalia mikono yetu, anasema nyinyi bado hata nati hamjui kukaza.

Anakosea. Tumejifunza. Kabla ya kupandisha tunatoa pedali, na ukitaka kutoa pedali ya kushoto, kumbuka nyuzi zake zimegeuzwa: unazungusha spana upande wa saa. Tulivunja spana moja kabla ya kujua. Chupa ya maji, pampu, taa, vyote vinashuka. Kama lazima ulaze baiskeli kwenye gari ya mtu bila keria kama yetu, laza upande wa cheni uwe juu, la sivyo gia ndiyo inabeba uzito wote. Na tunasimama kukagua mara ya kwanza tukifika Arua, kwa sababu bolti hulegea mapema, mwanzo wa safari. Mara ya pili ni Koboko, kabla ya kuacha lami.

Tatizo ambalo fundi hawezi kutibu ni urefu. Baiskeli imesimama juu ya gari, unasahau. Wiki ya kwanza tuligonga tawi la mwembe hapahapa getini kwetu, maembe mabichi yakaanguka juu ya bonneti, watoto wakafurahi. Baada ya hapo tumefunga kitambaa chekundu kwenye usukani wa gari. Mzee akikishika anakumbuka. Vituo vya mafuta vyenye paa la chini tunapita, na upepo ukiwa mkali mzee haendi zaidi ya 70, hata mabasi yakitupigia honi.

Tumeshakwenda safari kumi na moja na keria hii. Baiskeli imeanguka sifuri. Rimu mpya tulinunua kwa ile pesa iliyobaki pamoja na mchango wa mama wa yule mtoto, ambao tulikataa mara mbili na mara ya tatu akatuwekea mfukoni kwa nguvu. Mkono wa mtoto umepona, ila ngozi imevuta kidogo kwenye kiwiko, haunyooki wote. Tukifika anatusubiri kwenye kijito. Anataka apande baiskeli, na kwa kifafa chake tunaogopa, basi tunamkalisha kwenye siti na wawili wetu tunamsukuma huku na huku, mkono wake mmoja kwenye usukani na mwingine umekunjwa. Anabadilisha gia bila sababu. Tumemwambia ataharibu cheni, hasikii.

Fundi anasema nafasi ya mfereji wa pili ipo, na uzito bado unaruhusu. Inahitajika 60,000 na baiskeli ya pili. Kama kuna mwenye mojawapo, atuambie.

Jumamosi hii tunapanda tena. Pedali anatunza mzee mwenyewe kwenye mfuko wa koti lake, kwa sababu safari iliyopita tulizisahau Kuluva.