DAWA KWA MBUZI ZOTE: JE, NJO HAKI?

Sisi, kapita mkubwa wa wanafunzi na mufinaliste wa mwaka wa sita, tunataka kusema kidogo juu ya jambo lililoleta mabishano katika shamba ya shule mwaka huu: minyoo ya mbuzi na kondoo.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya veterineri. Hapana! Katika vijiji vyetu vya Lubero mbuzi njo benki. Mtoto akidaiwa minervali ao pesa ya Ekzamen ya Serikali, baba anafungua kamba na kupeleka mbuzi sokoni. Mbuzi ikikufa mbele ya siku ile, mtoto anabaki nyumbani. Katika darasa letu kuko viti vilivyobaki wazi kwa njia hiyo.

Mnyoo mubaya kuliko yote kwa wanyama hawa unaitwa Haemonchus contortus. Ni mwembamba kama uzi, urefu wake santimetre 2 ao 3. Unakaa katika tumbo la nne na kunywa damu. Jike moja linaweza kutaga mayai 5.000 mpaka 10.000 kwa siku. Mayai yanatoka pamoja na mavi. Wakati wa mvua na joto yanaanguliwa, na kiisha siku chache vijidudu vinapanda juu ya majani yenye umande. Mbuzi inakula majani yale, na mambo inaanza tena. Mwishowe inakonda, ndani ya kope kunakuwa kweupe, chini ya taya kunavimba kama mfuko wa maji, kiisha inakufa.

Sasa watu wengi wanafanya namna gani? Wananunua chupa moja ya dawa, wanakusanya mbuzi zote, na kila moja inapata kifuniko kimoja, nzima na mgonjwa. Dawa ikikaribia kuisha, wanaongeza maji ili itoshe. Wanasema haki ni kugawa sawasawa. Neno lile linatupendeza sisi makapita, maana kazi yetu ni kugawa zamu za kufagia na kuteka maji pashipo upendeleo. Lakini dawa si maharagi ya kugawa kwa sahani!

Dawa inaua minyoo dhaifu. Ile yenye kuivumilia inabaki, inazaa peke yake, na watoto wake wanavumilia vilevile. Kipimo kidogo kinaisaidia zaidi. Hii si hadithi. Dawa ya thiabendazole ilianza kuuzwa katika 1961. Katika 1964 wataalamu wa Marekani waliandika tayari juu ya Haemonchus isiyokufa nayo. Ivermectin ilianza kuuzwa kwa mifugo katika 1981, na William Campbell na Satoshi Omura walipewa Tuzo ya Nobel katika 2015 kwa kazi iliyoileta. Lakini mbele ya 1990 minyoo yenye kuishinda ilikuwa imekwisha kuonekana Afrika ya Kusini.

Huko Afrika ya Kusini njo walitengeneza karta ya rangi tano inayoitwa FAMACHA. Unashusha kope la chini na kutazama. Rangi ikiwa nyekundu, unaacha. Ikianza kupauka ao kuwa nyeupe, unanywesha dawa, kwa kipimo cha uzito wake kamili. Katika kundi, mbuzi chache njo zinabeba sehemu kubwa ya minyoo.

Hapa mabishano yalianza. Mwenzetu mmoja alikasirika sababu mbuzi aliyoichunga yeye haikupewa kitu. Mzee mmoja akauliza: «Munaacha adui ndani ya nyumba kusudi?» Tukajibu: Ndiyo, Baba, kidogo. Minyoo inayobaki katika mbuzi nzima ingali inakufa kwa dawa. Inachanganyika na ile yenye kiburi, na hivi kiburi hakienei upesi. Afazali mnyoo unaosikia dawa, kuliko chupa isiyofaa tena kitu.

Karta haioni yote. Kope jeupe linaweza kuletwa pia na minyoo ya ini ao ugonjwa wa mbungo. Mbuzi isipopona, veterineri aitwe. Tena tuko na mikroskopi: mayai yanaelea katika maji ya chumvi nyingi. Tuyahesabu mbele ya dawa na kiisha siku 14. Yasipopunguka sana, dawa ile imeshindwa.

Na dawa peke yake haitoshi. Umande ukauke kwanza, kiisha mbuzi zitoke. Zisile majani mpaka udongoni. Tuzikatie matawi ya miti, maana vijidudu havifiki juu kule. Penye ngombe, wapite nyuma ya mbuzi, sababu minyoo mingi ya mbuzi haikomai vizuri ndani ya ngombe.

Wadogo zetu wa mwaka wa tano, sisi tunakwenda. Daftari ya mbuzi inabaki kwenu. Kila mbuzi iko na numero yake, na rangi ya kope inaandikwa kila majuma mawili wakati wa mvua. Ile inayopauka kila mara, musiifanye kuwa mzazi wa kundi. Mithali 27:23 inamwagiza mchungaji kujua hali ya makundi yake. Kujua njo kutazama moja moja, hata siku ya baridi, hata siku ya interogasio.

Mungu awabariki.