Kocha wa miaka 22

Manze, niliacha chuo mwaka wa pili, fii ilikataa kutoshea. Tangu hapo, mtu akiniuliza "uko chuo gani?" natoa simu najifanya nimepigiwa.

Juzi wasichana wa koleji moja huku Tassia wameniomba niwe kocha wao wa basketi. Pesa hakuna. Nina miaka 22, na wengine wao wamenizidi umri. Nikakataa. Nani ataniskiza na sina hata cheti?

Usiku, kwa keja, nikasoma kuhusu Pat Summitt. 1974, huko Marekani, alipewa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee akiwa na miaka 22. Wachezaji wengine aliwapita mwaka mmoja tu. Mshahara ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Jezi, zilizonunuliwa na pesa za kuuza donati, alifua mwenyewe. Gari la timu aliendesha mwenyewe. Na mechi ya kwanza? Alipigwa na Mercer, 84 kwa 83. Pointi moja, wasee!

Alikuja kuacha kazi 2012 akiwa na ushindi 1,098 na mataji 8 ya NCAA.

Nisiwadanganye: yeye alikuwa na digrii, mimi sina. Lakini digrii haifui jezi.

Nimewapigia wale wasichana. Jumamosi, saa moja asubuhi, niko korti. Tukipigwa, tutapigwa tukiwa tumeanza.

Na wewe, ni nini umekataa juu ya aibu tu?