Bwana Shamba na Kamba Yake

Miongoni mwa watumishi wote ambao Serikali imepata kuwatuma vijijini, hapana mwenye kazi ya ajabu kama Bwana Shamba. Daktari humpa mgonjwa dawa, na mwalimu humpa mtoto kitabu. Bwana Shamba huja na maneno tu. Huyaeleza vizuri, hupima, hupiga alama, kisha huondoka akimwachia mwenye shamba kazi ya jembe na sururu. Na ikitokea kwamba maneno yake yalikuwa na kosa, si yeye atakayekosa chakula.

Watu wa Ukambani wanalijua jambo hilo kuliko wengi. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechunika, na makorongo yalizidi kula mashamba kila msimu. Wakuu wa Serikali ya kikoloni walisadiki kwamba ng'ombe walikuwa wengi mno kupita malisho, nao mwaka 1938 wakaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza. Watu kwa maelfu, waume kwa wake, wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi kumtafuta Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini uuzaji ule wa nguvu ulikomeshwa mwaka huo huo. Tangu hapo mgeni aliyekuja kuhesabu mifugo au kupima ardhi alitazamwa kwa jicho kali, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili yakaja matuta. Watu waliamriwa kutoka siku kadhaa za juma kwenda kuchimba, na matuta mengi ya wakati ule yalikuwa membamba, hayakustahimili mvua kubwa. Huko Murang'a, mwaka 1948, wanawake walikataa kabisa kuendelea na kazi hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba matuta yenyewe hayakuwa adui wa mtu. Mpango wa Bwana Swynnerton ulipotolewa mwaka 1954, na wakulima wa Machakos wakaruhusiwa kupanda kahawa kwa sharti la kuipanda penye matuta ya ngazi, wengi walichimba bila kusukumwa, maana sasa waliona fedha mbele yao. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 matuta mengi yaliachwa yakabomoka, kwa kuwa yalinuka ukoloni. Kisha kuanzia mwaka 1974 Serikali, kwa msaada wa watu wa Sweden, ikaanza upya kuwatuma mabwana shamba vilimani kuhimiza kazi ile ile.

Mmoja wao alikuwa kijana aliyetoka chuoni karibuni, aliyepelekwa upande wa vilima vya mashariki ya Machakos mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Alikuwa na baiskeli, daftari, vijiti viwili vya urefu sawa, kamba ya mita kumi na pima maji ndogo ya kuning'inizwa juu ya kamba. Kwa vyombo hivyo alipiga mistari ya fanya juu. Mtaro huchimbwa kwa kuufuata usawa wa kilima, upana wake kiasi cha sentimita 60 na kina chake vivyo hivyo, na udongo wote hutupwa upande wa juu ili uwe ukingo. Juu ya ukingo hupandwa majani ya kushika udongo. Maji ya mvua husimama, udongo hutua nyuma ya ukingo, na baada ya miaka michache mteremko hugeuka kuwa ngazi. (Jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya Kiingereza vya elimu ya udongo bila kutafsiriwa, ni fahari ndogo ambayo wenye majembe hawakuambiwa.)

Shamba la tatu alilolipima lilikuwa la mama mmoja mjane, mtu wa makamo yaliyokwisha kupita. Mama yule alimsikiliza kwa adabu, akawaita wanawake wa mwethya, yaani kikundi chao cha kusaidiana kwa zamu, nao wakachimba. Ikumbukwe kwamba mitaro huchimbwa wakati wa kiangazi, mwezi wa Agosti na Septemba, udongo ukiwa mgumu kama tofali na ghala zikianza kupungua. Waliimba asubuhi, kufikia saa tano hapakuwa na aliyeimba. Mwenye shamba aliwapikia muthokoi kila siku, ijapokuwa akiba yake ilikuwa debe moja na nusu. Kijana aliandika katika daftari idadi ya mita zilizochimbwa, kwa kuwa wakubwa wake waliuliza mita. Muthokoi hazikuwa na safu katika taarifa ya mwezi.

Usiku mmoja wa Novemba mvua ya vuli ilinyesha kwa nguvu. Maji yalikusanyika mtaroni kama ilivyokusudiwa, lakini hayakusimama. Yaliteremka polepole kuelekea ncha moja, yakajaa, yakavunja ukingo, yakapita katikati ya mahindi yaliyokuwa yamefika magotini. Asubuhi palikuwa na korongo jipya ambalo mtu angeweza kulala ndani yake. Na hilo ndilo la kutisha katika kazi hii: mtaro uliopotoka ni mbaya kuliko kutokuwa na mtaro, kwa maana huyachukua maji ya shamba zima na kuyapeleka mahali pamoja.

Kijana alipopata habari, msaidizi wa chifu alimshauri aandike kwamba mvua ilizidi kiasi. Ilikuwa imezidi kweli, na hakuna ambaye angemuuliza. Hata hivyo aliichukua baiskeli yake akaenda. Alifunga kamba pale pale alipoifunga mwezi wa Agosti, akatazama, akageuza pima maji kichwa kwa mkia. Kiputo hakikurudi katikati. Pima maji ilikuwa na kasoro yake yenyewe, nayo iliongeza kosa dogo kila mita kumi, kwa upande ule ule, mpaka mwisho wa mstari. Kuigeuza ili kuijaribu kabla ya kazi ni jambo la nukta chache. Siku ile alikuwa na mashamba matatu ya kupima, akayapima yote matatu.

Alimweleza mama yule hayo yote bila kuficha. Mama aliendelea kuokota mahindi yaliyoangushwa, kisha akasema, "Nilijua, mwanangu."

Kijana akauliza alijuaje.

"Nimelima hapa tangu nilipoolewa. Najua maji hupita wapi. Tulipokuwa tukichimba niliwaambia wenzangu kwamba mtaro huu unakwenda chini."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Chombo ni chako," alisema. "Na wakati ule wa matuta ya kwanza, aliyesema tuta limepinda aliandikwa jina, akapelekwa kwa chifu. Tulijifunza kuchimba na kunyamaza."

Kijana hakuwa na jibu. Yeye alizaliwa baada ya mambo yale kwisha, na katika mafunzo yake alikuwa amefundishwa mwinamo, mbolea, magonjwa ya mahindi na namna ya kusema barazani. Juu ya mambo ya miaka ile hakufundishwa neno. Alikuwa amechukulia ukimya wa watu kuwa ni kukubali. Ni kosa ambalo wengi wenye vyeo vikubwa kuliko chake wamelifanya, wala hawakurudi kwa baiskeli.

Aliazima sururu, akachimba kwa siku mbili kuliziba korongo kwa mawe, viganja vyake vikitoka malengelenge, na wanawake wa mwethya wakimcheka waziwazi. Siku ya tatu alileta pima maji nyingine, aliyoijaribu kwa kuigeuza mbele yao wote. Badala ya kuushika mwenyewe mwanzo wa mstari, alimpa mama yule kijiti, akamwomba aanze pale ambapo yeye angeanza.

Mama alisimama kitambo akiutazama mteremko. Akapita alama ya zamani, akapanda hatua nne, akasimamisha kijiti kando ya jiwe jeupe. Kamba ikavutwa. Kiputo kilitulia upande wa kushoto kidogo; akasogea nusu hatua, kikaja katikati.

"Hapa," alisema, naye Bwana Shamba akapiga mambo.